Noti za Mzee kwa Mshahara wa Mkoloni

Kaloleni, Nairobi
21 Januari 2024

Kwa Jacklyne,

Mimi niko. Mtoto ako. Njoki wa nyumba ya nyuma anakusalimia. Jirani Luseno pia, ingawa alisema nisiandike jina lake kwa barua ya jela.

Naandika juu ile siku nilikuja kukuona haikusaidia kitu. Waya iko katikati, kila mtu anapigia mtu wake kelele, na masikio yangu unajua mashine za mabati zilimaliza. Niliona tu mdomo wako ukienda. Nikasema ndio, ndio. Nilitoka hapo sijui ni ndio ya nini. Yule mama askari wa ofisi akaniambia barua inaruhusiwa, lakini inasomwa. Wasome.

Kibarua kiko siku ingine, siku ingine hakuna. Naamkia Industrial Area, nasimama kwa geti na wengine, supavaiza anachagua vijana. Nikibahatika nabeba saruji. Paa imeanza kuvuja hapo mama yako alikuwa analala. Nimeweka sufuria.

Sasa nikuulize. Polisi walikuja nikiwa kazi. Nilirudi nikapata nyumba imepinduliwa, godoro iko nje, mtoto ako kwa Njoki. Kila mtu ananiambia yake. Wandera wa kibanda anasema ulikuwa na kiwanda ya kuchapa pesa. Kiwanda gani, nyumba ni chumba moja. Kanisani wakiniona wanaanza kuongea mambo ya mvua. Mimi baba yako sijui hii kitu ilianza wapi.

Hizo karatasi ulitoa wapi? Na kwa nini ulileta nyumbani? Andika yote. Usiruke.

Nahashon Obonyo, baba yako


Rimandi ya Wanawake
16 Februari 2024

Baba yangu,

Habari ya huko? Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena na selotepu, lakini yote ilikuwa ndani. Nilifurahi mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepata bondi ya kutoka. Mwambie Luseno jina lake sasa limeingia jela mara mbili. Mshukuru Njoki kwa ajili ya mtoto. Mimi ni mzima, usijali mambo ya kulala na kula, si vya kuandika.

Siku ya waya nilikuwa nakuuliza kama mtoto wangu Elsie anakula. Ulisema ndio.

Sasa nikuambie venye ilikuwa. Unakumbuka wale watu wa muvi walikuja Kaloleni mwaka jana, juu nyumba zetu ni zile zile za mkoloni, hakuna aliyewahi kuzigusa hata na rangi. Muvi ilikuwa ya mwaka wa hamsini na nne. Twalib ndiye alikuwa anawatafutia wazungu watu na vitu. Wewe ulikataa kuwa ekstra, wale wa kujaza picha, ukasema huwezi kuvalishwa kaptula na mtu. Mimi nilipata kazi ya kufua na kupiga pasi nguo za maekstra.

Kwa hiyo muvi kulikuwa na mahali wafanyakazi wa reli wanalipwa mshahara. Dairekta akamwambia Twalib alete pesa ya zamani. Twalib akachukua ile noti ya mia mbili ya kabla ya hizi mpya, ile ya kichwa cha Mzee, rais wetu wa kwanza, akaipeleka kwa mtu wa fotokopi mjini, rangi pande zote mbili. Kwa mzungu hiyo ilikuwa ya zamani kabisa, juu haikufanana na yenye alikuwa nayo mfukoni. Halafu akasema inang'aa sana, ichakazwe. Nikapewa mimi. Nilikuwa naziloweka kwa maji ya majani chai, naanika kwa kamba kama soksi, halafu napiga pasi. Mia mbili baada ya mia mbili. Zikatoka kama zimetembea nchi nzima.

Baba, siku yenyewe ungecheka. Karani wa mkoloni ameketi kwa meza na kofia yake, anagawa mshahara, na kila noti iko na Mzee. Na wakati huo mkoloni alikuwa amemfunga Mzee! Luseno alikuwa amevaa uaskari. Akaangalia ile noti akasema, "Kumbe walikuwa wanatulipa na mahabusu wao?" Watu wakavunjika mbavu. Dairekta akapiga kelele tunyamaze. Mzee mmoja wa Makongeni akasema si mtu amwambie huyu mzungu. Twalib akamjibu, "Mwambie basi. Ukimwambia anarudia kesho, na ya kesho hamlipwi." Kila mtu akatafuta pahali pa kuangalia. Hata mimi.

Walipomaliza nikapewa gunia nichome. Nilichoma. Lakini bunda moja nikarudi nalo. Graduesheni ya Elsie ya PP2, ya kumaliza nasari, ilikuwa karibu, na unajua siku hizi watoto wanavalishwa yale maua ya kung'aa shingoni, na wazazi wanabandika noti za ukweli juu yake. Mimi ningebandika nini? Nikabandika zile. Kila mtu alijua ni za muvi, tulipiga hata picha tukicheka. Elsie alikuwa ananukia majani chai.

Mtoto alizibandua akawagawia wenzake kama switi. Wao wakaenda kwa Wandera. Wandera akauza bila kuangalia, halafu akaenda nazo kununua unga kwa jumla, na huko ndiko alishikwa. Akanitaja. Zilizobaki walizipata chini ya godoro.

Sikuiba, na sikuchapa. Ilikuwa karatasi ya kupamba mtoto.

Lakini muvi iko, baba. Ikitoka, hakimu ataona meza, ataona karani, ataona Mzee kwa mkono wa kila mtu. Hiyo ndiyo itanitoa hapa. Tafuta Twalib. Na uangalie siku itatoka.

Binti yako,
Jacky


Kaloleni
24 Machi 2024

Kwa Jacklyne,

Huku hakuna ugonjwa. Njoki amefanyiwa macho, anaona. Mtoto anakula. Hiyo sasa nimesikia vizuri na nimejibu.

Nilisoma barua yako mara nyingi. Sikucheka. Luseno nilimsomea akacheka, halafu akaacha.

Twalib nimempata. Simu hashiki, lakini Njoki alisema ako na ndugu anauza viatu Kariokor. Nilienda nikamkuta anakunywa uji. Aliponiona akaweka kikombe chini.

Nikamwambia, "Jacky ako ndani juu ya karatasi zako."

Akasema, "Mzee Obonyo, mimi niliweka saini. Siwezi kuongea mambo ya muvi mpaka itoke."

"Usiongee ya muvi. Ongea ya Jacky."

"Jacky ni ya muvi."

Nikamuuliza watu wake wako wapi. Akasema walirudi kwao. Nikamuuliza mtu wa fotokopi. Akasema alifunga, hata mlango sasa wanauza simu. Nikasimama tu. Akaona siendi. Akaniuliza navaa kiatu namba gani. Akanipimia akala za ndugu yake, akanifungia kwa gazeti, bure. Sikuzitaka. Nimezivaa.

Wandera haniuzii hata kiberiti. Alilala ndani na yeye, kabla akutaje. Natembea mpaka barabarani.

Picha za graduesheni ziko kwa simu yako. Simu iko kwa polisi. Luseno anasema kule kwa muvi wote walinyang'anywa simu getini, hakuna mtu ako na picha ya hizo noti zikiwa kwa meza. Nimeuliza wote ninaowajua.

Muvi ikitoka nitaona.

Mtoto ako.

Baba yako


Rimandi ya Wanawake
3 Mei 2024

Baba,

Pole kwa mvua. Tumesikia huko watu wamebebwa na maji na nyumba zao. Hatukuwa tunalala tukifikiria watu wetu. Afande alituambia Kaloleni iko salama lakini sijui kama alisema hivyo ili tunyamaze.

"Mtoto ako" si habari. Baba, unaniandikia miguu yako na macho ya Njoki, na mtoto wangu unampa neno mbili. Nilikuomba kwa ile karatasi ndogo nilituma na mama wa kanisa, Elsie achore kitu chochote. Hata duara. Anaenda shule? Mwalimu wake ni nani mwaka huu? Ameng'oa meno ya mbele?

Kuna jambo lingine. Prosikyuta, yule wa kunishtaki, ameniambia nikikubali kosa, ataomba nipewe kifungo cha nje. Nitakuwa nafagia ofisi ya chifu, naenda nyumbani jioni. Wenzangu hapa wanasema chukua, wewe ni mjinga, kuna watu wanalilia hiyo. Nimekataa.

Usinikasirikie. Nikikubali, nimesema kwa mdomo wangu mimi ni mtu wa pesa feki. Nitaoshea nani nguo na hilo jina? Nani atanipa nyumba yake nifagie? Na Elsie je, atajaza nini akiulizwa mama yako ni nani? Hakimu ni mama mpole. Alisema anayo nia ya kusikiliza. Aliniuliza nina nini cha kuonyesha, nikamwambia muvi inakuja. Akasema sawa, ikija italetwa mbele ya korti. Kesi imewekwa Septemba.

Kwa hivyo sina haraka. Wewe angalia tu siku itatoka.

Wako,
Jacky


Kaloleni
11 Agosti 2024

Kwa Jacklyne,

Nimekaa bila kuandika. Kazi ilikuwa mbali, tulikuwa tunabomoa godauni ya zamani, nilikuwa nalala huko huko. Mkono wa kushoto uliangukiwa, umepona. Njoki mzima. Paa nimebandika na lami.

Filamu imetoka. Walileta kwa holi, bure, watu wa mtaa waone. Niliketi mbele kwa sababu ya masikio. Watu walijaa mpaka madirishani. Luseno anakufa mapema. Anapigwa risasi anaanguka kwa mtaro pale nyuma ya vyoo. Watu wakapiga makofi, akasimama kwa holi akainama kama mheshimiwa. Kaloleni ilionekana safi. Sijawahi kuiona hivyo. Hakuna waya za stima, hakuna dishi za televisheni. Yule mzee wa Makongeni anaonekana akinyoa ndevu. Ni filamu ndefu.

Jacklyne, ile maneno ya prosikyuta, kubali. Mwambie umebadilisha mawazo. Kufagia kwa chifu si kitu. Mama yako alifagia ofisi za watu mpaka akafa na hakuna mtu alimuita mbaya.

Usiniulize sana. Kubali.

Baba


Rimandi ya Wanawake
23 Agosti 2024

Baba,

Nimesoma barua yako na nimeisoma tena. Umeandika Luseno alikufa wapi. Umeandika mzee wa Makongeni ananyoa. Umeandika mpaka dishi za televisheni. Mahali pa mshahara hujaandika.

Kwa nini nikubali? Umeanza kuamini Wandera? Ama kanisani wamekuambia nini? Kama unafikiri nilichapa, sema. Ukinyamaza ni mimi naumia, si wao.

Nimemwambia hakimu tulipoongea na korti kwa video kutoka hapa kwamba muvi imetoka na baba yangu ameiona. Alifurahi. Ameagiza ichezwe kortini siku ya kesi, tarehe kumi na nane Septemba. Prosikyuta amesema ile maneno yake ya kukubali itaisha muvi ikishaanza kuchezwa. Nikamwambia iishe.

Niandikie vile ulivyoona. Usiruke. Ni wewe ulinifundisha hilo neno.

Jacky


Kaloleni
1 Septemba 2024

Kwa Jacklyne,

Sawa. Nakuambia.

Karani ako. Meza iko. Kofia iko. Watu wako kwa laini. Pesa ni ingine.

Hakuna Mzee. Noti ni za mkoloni, za mwanamke wa taji. Na senti za shimo katikati zimepangwa kwa meza. Kila mkono unachukua hiyo. Nilifikiri ni macho yangu. Luseno akasimama kwa holi akapiga kelele mpaka hata mimi nikasikia: "Haikuwa hiyo! Mimi nilishika! Ilikuwa ya Mzee!" Watu wakamwambia kaa chini, wewe ulishakufa.

Twalib alikuwa nyuma. Nilimshika shati. Akasema wazungu walipofika kwao mtu mmoja mwenye kusoma mambo ya zamani aliangalia akawaambia hii ni aibu, watu watacheka. Basi wakatengeneza na kompyuta. Noti moja moja. Ile ile kompyuta ilitoa waya za stima. Nikamwambia apige huko simu nikiwa nimesimama. Akapiga. Mama mmoja akajibu kwa Kizungu. Twalib akaniambia, anasema wao hawajawahi kutumia pesa ya Kenya kwa filamu yao. Anasema kama una shaka, angalia filamu.

Nikamwambia Twalib aje kortini aseme. Akalia. Akisema ukweli, ni yeye alipeleka noti kwa fotokopi, anaingia yeye. Ako na watoto. Nilikuwa nimekunja ngumi. Nikaachilia shati.

Luseno atakuja kusema. Yeye haogopi. Lakini atasema kwa mdomo, na filamu itasema ingine.

Sikuandika kwa ile barua ingine juu sikujua kuandika. Nilikuwa nakuona huko ndani ukingojea hiyo kitu. Sikutaka ni mimi nikutolee.

Na ya mtoto nakuambia pia, yote iishe. Haendi shule tangu Februari. Watoto wanamwita Feki. Akipita wanasema Feki huyo, angalieni kama ako na waya wa fedha ndani kama noti ya ukweli. Siku moja alirudi bila kiatu, akakataa kurudi huko. Anakaa kwa Njoki anachambua mboga. Haongei sana. Nilimpa kalamu akuchoree. Akaandika "ni mimi niliwapea" akairarua. Sikukutumia.

Basi kubali. Kubali kabla ya siku ya kesi. Nimekuja mpaka getini nikuambie mwenyewe, wakasema hakuna kuona watu, kuna ugonjwa wa kuhara ndani. Nimeacha barua hii ofisini kwa mkono. Nimewaomba wakupe leo.

Baba


Gereza la Wanawake
27 Septemba 2024

Baba,

Natumaini uko mzima, na mkono umepona kweli. Hapa kuhara kumeisha. Nimehamishwa upande wa waliofungwa, tunavaa za mistari. Ni safi kuliko rimandi.

Barua yako ya tarehe moja nilipewa juzi. Mwenye kusoma barua alikuwa likizo.

Nilikuona siku ya kesi. Ulikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, umevaa koti la kanisani, ukinitikisia kichwa. Ukatikisa tena na tena, mpaka askari akakugusa bega. Nikafikiri unaniambia nisiogope. Nikakutikisia pia. Nikamwambia hakimu, "Mheshimiwa, niko tayari, ichezwe."

Luseno alisema ukweli wote, Mungu ambariki. Prosikyuta akamuuliza, "Wewe ndiye yule anapigwa risasi?" Akasema ndio. Korti ikacheka. Akamuuliza, "Na hizo noti unazosema, uliziona kabla ya kufa ama baada?" Luseno akasema kabla, kwa sauti ya chini, na sijawahi kumsikia Luseno akiongea chini.

Halafu wakacheza hapo kwa mshahara. Wewe ulishaona. Mimi ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimesimama, nimenyoosha kidole mapema, ili hakimu asipitwe. Kidole kilibaki hapo. Hakimu akasema isimamishwe. Akavaa miwani, akasogea mpaka karibu na kompyuta ya korti, akasoma noti. Akasema, "Hii ni pesa ya Afrika Mashariki ya wakati huo. Hawa watu walikuwa waangalifu sana." Halafu akachukua yangu, ile ya majani chai, kwa plastiki ya polisi, akaiweka kando ya ile ya kompyuta. Akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananihurumia kama mtu amedanganya vibaya.

Miaka mitatu. Alisema angenipa kidogo kama ningekubali mapema na kutopotezea korti wakati.

Baba, ungeandika kwa ile barua ya Agosti. Nimesema mara moja. Sitasema tena.

Mwambie Elsie si yeye. Mwambie kila siku, hata akiziba masikio. Mwambie alikuwa mtoto mkarimu, na mama yake alikuwa amempamba vizuri kuliko wote. Mtafutie shule ingine hata kama ni mbali, Dandora ama popote hawamjui. Usimlete hapa bado. Nikimwona na hizi nguo sitaweza.

Na uniambie kitu kimoja, hata kama si kitu. Kwa hiyo muvi, mlinitafuta? Kuna siku nilikuwa napita pita huko nyuma wakipiga picha. Kortini walicheza hapo kwa mshahara tu.

Jacky


Kaloleni
3 Novemba 2024

Kwa Jacklyne,

Ulisema mara moja. Nilisikia.

Sisi tuko. Mvua ndogo imeanza, lami imeshika. Luseno hajarudi kwa mchezo wake wa kuinama, watu wakimuomba anawatukana. Twalib ameenda Mombasa. Wandera aliniita jana akanipa unga, akasema nitalipa nikipata. Nilichukua.

Shule nimepata, Dandora, ya kanisa. Ataanza Januari. Njoki ako na dada huko, Sally, atakaa kwake siku za shule. Nimemwambia mtoto si yeye. Namwambia kila siku. Haniambii kitu, lakini hazibi masikio.

Ulichouliza. Luseno alinunua filamu kwa flashi. Tuliangalia kwa televisheni ya Njoki, mchana, mimi na Njoki na mtoto. Mtoto ndiye alikuona. Mimi ningepita. Askari wa mkoloni wanapita kwa barabara na bunduki, wanaelekea kwa holi, na nyuma yao mwanamke anakatiza kutoka kwa bomba. Ni kidogo tu. Amejifunga leso kichwani, ameangalia upande mwingine, amebeba beseni ya plastiki ya kijani. Ni wewe. Ni ile beseni yetu, imepasuka mdomo.

Njoki akasema wakati huo plastiki ilikuwa wapi, watu walibeba karai za chuma. Ni kweli. Waliondoa waya, waliondoa dishi, wakatengeneza pesa noti moja moja. Beseni waliacha.

Niliruka kwa furaha. Nilifikiri nimepata. Nilichukua flashi nikaenda mpaka kortini, nikangoja, nikamwonyesha karani wa ofisi ya rufani. Kijana mwenye adabu, alinipa kiti. Aliangalia yote. Akasema, "Mzee, hakuna mtu alikataa binti yako alikuwa huko. Hii inaonyesha tu alikuwa karibu na hizo vitu." Nikamuuliza ndani ya beseni kuna nini, ni nguo ama ni zile noti zikiloweka. Akajaribu kuvuta picha ikawa kubwa. Haionekani. Akanirudishia flashi akasema pole.

Kwa hivyo hiyo haisaidii. Nimekuandikia juu uliuliza.

Mtoto anaomba ichezwe kila akitoka kuoga. Haangalii ingine, hapo tu. Ukipotea nyuma ya nyumba anasema rudisha. Njoki anarudisha. Unatoka tena kwa bomba, unapita tena.

Jana alimuuliza Njoki mama amebeba nini. Njoki akaniangalia.

Nikasema nguo.

Baba yako